Barua pepe ya ofisi imekwama: itafute iliposimama

Simu iliingia saa tatu asubuhi kutoka Malaba. "Fundi, hati za mzigo nilizituma jana saa nne, Kampala wanasema hawajaona kitu. Dereva yuko hapa, lori limeegeshwa." Kazi yangu ni kuangalia barua pepe za kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi Kampala na wenzetu wachache mpakani. Kwa watu wa kazi hii, barua moja ikichelewa lori linalala, na lori likilala kuna anayelipia.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa barua pepe za ofisi ndogo au ya kati hapa Uganda, mara nyingi bila hata kuulizwa kama kazi yenyewe anaijua. Barua pepe haipotei hewani. Ilitoka mahali, ikapita vituo, ikasimama mahali. Kontena linalotoka Mombasa linaandikwa kila kituo linapopita, na likichelewa hakuna anayebahatisha: watu wanauliza limeonekana wapi mara ya mwisho. Barua nayo itafute hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Uliza kwanza, usiguse kitu

Mafundi wengi wakipigiwa simu hukimbilia kuzima rauta au kufuta akaunti kwenye kompyuta na kuiweka upya. Usifanye hivyo. Ukifuta, unafuta na ushahidi. Uliza kwanza: tatizo ni la mtu mmoja au la ofisi nzima? Ni kutuma, kupokea, au vyote viwili? Kwenye simu yake barua zinaingia au nako zimegoma? Jibu la hilo la mwisho peke yake linaokoa nusu saa. Ikiwa kwenye simu yenye bando lake barua zinaingia na kwenye kompyuta haziingii, seva (kompyuta inayopokea na kutuma barua zenu) haina kosa. Tatizo liko kwenye kompyuta hiyo au kwenye intaneti ya ofisi.

Kisha uliza nani alimtumia nani, na saa ngapi. Hapo kwenye saa tulia. Yule kaka wa Malaba aliposema "jana saa nne", nilifungua logi ya seva, yaani daftari lake la kila barua iliyopita, nikatafuta kuanzia 10:00 asubuhi. Hapakuwa na kitu. Nikatafuta tena, nikaanza kuishuku seva. Ndipo nikampigia: "Saa nne ya asubuhi au ya usiku?" Ya usiku. Kumbe barua ilikuwa 22:07, nami nimepoteza dakika ishirini lori likisubiri. Tangu siku hiyo kila taarifa naiandika kwa tarakimu za saa 24, na ninamsomea aliyenipigia athibitishe.

Mwombe pia akutumie ujumbe wa kosa wenyewe, mzima. "Imekataa" siyo taarifa. Picha ya skrini kwa WhatsApp inafaa kama ni dirisha la kosa, lakini kama barua ilirudishwa, taka ule ujumbe wa kurudishwa uliotumwa kwenye kikasha chake, tena wote mpaka mwisho, kwa sababu neno linalohitajika mara nyingi liko chini kabisa.

Hatua ya 2: Soma namba kwenye ujumbe wa kurudishwa

Watu huuona ujumbe wa kurudishwa, wanaona maneno mengi ya Kiingereza na namba, wanaufuta. Yule kaka aliufuta pia, tukautoa kwenye takataka. Uthamini ujumbe huo, maana ni seva inakueleza yenyewe kwa nini imekataa.

Angalia namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, ni kukataa kwa muda: seva ya upande wa pili imesema njoo baadaye, na seva yako itajaribu tena yenyewe. Usimwambie mtu atume mara tano, utampelekea mpokeaji nakala tano. Ikianza na 5, ni kukataa moja kwa moja, na kutuma tena bila kurekebisha kitu ni kupoteza muda.

Zile utakazozikuta kila wiki ni chache. 550 5.1.1 maana yake anwani hiyo haipo. Mara nyingi ni herufi iliyokosewa, au mtu ameacha kazi. 5.2.2 ni kikasha cha mpokeaji kimejaa, na hapo mpigie simu, hakuna dawa nyingine upande wako. 5.7.1 ni kukataliwa kwa sababu ya sera au ya kutoaminiwa. Hiyo inakupeleka hatua ya 4. Ukikutana na 552 au 5.3.4, barua ni kubwa mno.

Ya Malaba ilikuwa hiyo ya mwisho. Kaka alikuwa ameskani kurasa kumi na nne kwa rangi, kwa ubora wa juu kabisa wa mashine, faili likawa MB 22. Alijua kuwa kikomo ni MB 25, kwa hiyo hakuona kosa lake. Watu wachache wanajua kuwa kiambatisho hakisafiri kama kilivyo. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi, hivyo faili hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kuondoka, na mgeuzo huo huliongezea uzito wa karibu theluthi moja. MB 22 inakuwa kama MB 30 njiani. Kwa kikomo cha MB 25, faili lisizidi MB 18 hivi. Kwa hati za forodha mimi nimeweka skana zote kwenye nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi. Mihuri inasomeka na kurasa kumi na nne hazifiki hata MB 3. Kama lazima rangi, weka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni utume kiungo.

Hatua ya 3: Fuata mihuri ya njiani

Kama barua ilifika lakini imechelewa, au ukitaka kujua kama kweli ilitoka kwa aliyedai kuituma, fungua maelezo ya safari yake. Kila programu ya barua pepe ina mahali pa kuona chanzo cha ujumbe. Utaona mistari mingi inayoanza na neno Received. Kila seva iliyoipokea barua huongeza mstari wake juu ya iliyotangulia, kwa hiyo unasoma kutoka chini kwenda juu. Wa chini kabisa ndio mwanzo wa safari.

Mfano mmoja wa kweli kutoka dawati langu: mstari wa chini ulisema 09:58:12 +0300. Wa katikati, 06:58:15 +0000. Wa juu, 09:21:40 +0000. Ukitazama haraka utadhani barua ilirudi nyuma kwa saa tatu. Haikurudi. Ile +0300 ni saa ya Afrika Mashariki, na +0000 ni saa ya dunia. Ongeza tatu, na mstari wa katikati unakuwa 09:58:15, sekunde tatu tu baada ya kutumwa. Wa juu unakuwa 12:21:40. Basi barua ilitoka ofisini vizuri, ikafika seva ya kati mara moja, kisha ikakaa hapo saa mbili na dakika ishirini na tatu. Sasa unajua nani wa kupigiwa. Intaneti ya ofisi haikuhusika, wala kompyuta ya aliyetuma.

Kucheleweshwa kwa dakika chache kwa barua ya kwanza kutoka kwa mtu mpya ni kawaida; seva nyingine humkataa mgeni kwa muda kwa makusudi ili zione kama atarudi, maana watuma barua taka wengi hawarudi.

Hatua ya 4: Kagua rekodi za domeini

Sehemu hii watu huiogopa, na ndiyo inayosababisha ile simu ya "barua zetu zote zinaingia kwenye barua taka". Fungua dirisha la amri, andika nslookup -type=mx kisha jina la domeini yako, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. Utaona rekodi za MX, yaani seva zinazopokea barua za domeini hiyo. Kama umehama kampuni ya seva na bado unaiona ile ya zamani, barua za watu zinaenda nyumba uliyohama.

Ya pili ni SPF, mstari wa maandishi unaoanza na v=spf1 unaotaja ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Ina sheria mbili ambazo nimeona zikivunjwa tena na tena. Domeini iwe na rekodi moja tu ya SPF, na rekodi hiyo isilazimishe zaidi ya utafutaji 10 wa DNS (daftari la mtandaoni lenye rekodi za domeini). Ofisi moja niliyoitwa, mhasibu alikuwa ameanza kutumia programu ya kutoa ankara inayotuma barua kwa jina la kampuni. Maelekezo ya programu yalisema "ongeza rekodi ya SPF", naye aliyesaidia akaongeza ya pili kando ya ile ya kwanza. Ukiwa na mbili, mpokeaji anazihesabu zote kuwa kosa. Wiki tatu ankara za kampuni hiyo zilikuwa zinaangukia kwenye barua taka za wateja, na mama wa uhasibu alikuwa amelaumiwa kuwa hafuatilii madeni. Dawa ilikuwa kuunganisha mistari miwili kuwa mmoja. Dakika tano. Bado nikikumbuka jinsi alivyosemwa kikaoni kwa kosa lisilo lake naumia.

DKIM ni sahihi ambayo seva yako inaiweka kwenye kila barua. Iwashe kwenye paneli ya seva na uchapishe ufunguo wake kwenye DNS. DMARC ndiyo inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua inayodai ni yako lakini imeshindwa vipimo hivyo. Anza na p=none (asifanye kitu, atume ripoti tu), soma ripoti zinazokuja kwa wiki kadhaa uone mifumo yote inayotuma kwa jina lako, ndipo uende p=quarantine (aitie kwenye barua taka), na mwishowe p=reject (aikatae). Anayeanza na p=reject siku ya kwanza atazikata ankara zake mwenyewe.

Haya si ya hiari tena. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (kwa Google, barua 5000 au zaidi kwa siku) awe na zote tatu, pamoja na DMARC.

Hatua ya 5: Kama ni kompyuta moja tu

Angalia tarehe kwanza. Usicheke. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika inasahau tarehe na kuamka ikiwa miaka mingi nyuma. Cheti cha usalama cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika, programu inakataa kuunganisha, na mtumiaji anaambiwa kosa la nywila au la cheti. Hata zile tarakimu za uthibitisho wa hatua mbili (za muda, unazoandika baada ya nywila) zinagoma kama zinatolewa na kompyuta hiyo hiyo, kwa sababu zinategemea saa. Betri hiyo bei yake ni ndogo mno, na mimi natembea nazo mfukoni nikienda mpakani.

Baada ya tarehe, kagua mipangilio. Kutuma ni poti (mlango wa mawasiliano) 587 au 465, kupokea kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva, ni 993. Ukikuta programu imewekwa kutuma kwa poti 25, hiyo ni ya seva kuongea na seva, na kampuni nyingi za intaneti zinaifunga kwa wateja wa kawaida. Ukikuta POP3, simama. Kwa kawaida POP3 hushusha barua kwenye kompyuta na kuziondoa kwenye seva, isipokuwa umeiambia iache nakala. Kompyuta ikiibwa, au umeme ukirudi kwa kishindo na kuichoma diski, barua za miaka zimekwenda nayo. Hamisha kila mtu kwenda IMAP, lakini nakili kwanza faili la barua lililoko kwenye kompyuta kabla hujagusa akaunti.

Mashine ya fotokopi iliyokuwa ikituma skani kwa barua pepe na ghafla ikaacha, mara nyingi ni kwa sababu inaingia kwa jina na nywila peke yake. Watoa huduma wakubwa wa barua pepe wamekuwa wakiizima njia hiyo hatua kwa hatua. Usiizungushe mashine kutwa. Tafuta kwa mtoa huduma wako njia anayoiruhusu kwa vifaa vya aina hiyo.

Seva iwe wapi?

Maoni yangu, na ninayasema kwa uchungu wa yaliyonikuta: ofisi ndogo isiweke seva yake ya barua pepe chini ya ngazi. Kodi nafasi kwa watu ambao kazi yao ni hiyo.

Januari 2021, jioni ya tarehe 13, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Wakati huo seva yetu ilikuwa ndani ya ofisi Kampala. Nilijua kuwa seva zinazotuma hazikati tamaa upesi, kanuni za barua pepe zinapendekeza zijaribu kwa siku 4 hadi 5, hivyo nilikuwa na matumaini. Lakini si zote zinazovumilia hivyo. Nyingine zimepangwa kurudisha barua baada ya siku moja au mbili. Intaneti iliporudi, wateja wa nje walikuwa wamekwisha kupokea ujumbe kuwa anwani zetu hazifikiki, na mmoja alidhani tumefunga biashara. Kama seva ingekuwa imekodiwa nje, barua zingeingia kimya zikatungoja, na sisi tungezisoma tu tukirudi hewani.

Ukilazimika kuwa nayo ofisini, iwe na inveta inayoiweka hewani mpaka jenereta iwake, na njia mbili za intaneti kutoka kampuni tofauti, moja ya faiba na moja ya mtandao wa simu. Mbili zinazopita nguzo moja ni moja.

Hatua ya 6: Kama kikasha kimevamiwa

Wezi wa siku hizi wanavutiwa na ankara zako kuliko barua zako. Mwizi anaingia kwenye kikasha cha mhasibu, anakaa kimya anasoma, na ankara kubwa inapokaribia anamwandikia mteja kuwa akaunti ya benki imebadilika. Ili mhasibu asione majibu, anaweka kanuni inayohamisha kila barua yenye neno fulani kwenda folda ambayo hakuna anayeifungua.

Ukishuku, fuata mpangilio huu bila kuruka. Badilisha nywila, ukitumia kompyuta nyingine unayoiamini. Toa vifaa vyote vilivyoingia, kwa sababu kubadilisha nywila peke yake si lazima kumtoe aliyekwisha kuingia. Kisha fungua kanuni za kikasha na mipangilio ya kupeleka barua kwingine, futa usizozijua, lakini zipige picha kwanza. Angalia namba ya simu na anwani ya kurejesha akaunti. Wengi husahau hapo, na mwizi anarudi jioni ile ile. Angalia programu zilizopewa ruhusa. Wapigie simu wateja wote waliokuwa na malipo yanayosubiri, siku hiyo hiyo. Kama taarifa za watu zimefikiwa, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka mwenye kuzitunza kuijulisha mamlaka mara moja. Mwambie bosi wako hivyo, usiliweke moyoni.

Kinga ni uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, kuanzia uhasibu na wakubwa. Tumia programu ya simu inayotoa tarakimu za kuingilia kuliko SMS, kwa sababu laini ya simu inaweza kusajiliwa upya na mtu mwingine. Pia iwe sheria ya ofisi isiyo na heshima ya cheo: akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe. Anayelipa anapiga simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Meneja akikasirika kwa kupigiwa, akasirike. Na umfundishe kila mmoja kutazama herufi za domeini kwa jicho la karibu. Herufi r na n zikikaa pamoja kwenye simu ndogo zinasomeka kama m.

Hatua ya 7: Vitu vya kuandika kwenye karatasi

Domeini imesajiliwa kwa jina la nani? Nenda ukaangalie leo. Nimekuta kampuni ambayo .co.ug yake iko kwa jina la kijana aliyeiweka tovuti miaka iliyopita na sasa hapatikani. Mimi ni fundi na nasema hivi waziwazi: domeini ni mali ya kampuni, iandikwe kwa jina la kampuni. Na taarifa za kulipia upya zisiende kwenye anwani iliyo ndani ya domeini hiyo hiyo, kwa sababu ikiisha muda, onyo la mwisho halitakufikia. Ziende kwenye anwani za nje za watu wawili, na tarehe iandikwe pia kwenye kalenda ya ukutani.

Anwani za kazi kama hati@ au malipo@ zifanye kundi linalopeleka kwa watu, zisiwe akaunti moja yenye nywila inayojulikana na watu saba. Mtu akiacha kazi, siku yake ya mwisho badilisha nywila yake, elekeza barua zake kwa msimamizi wake, na usifute kikasha. Wateja huendelea kuandika kwa jina walilolizoea kwa miezi.

Karatasi yangu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, Kampala na Malaba. Ina jina la kampuni inayotukodisha seva na namba yao ya msaada, mahali domeini iliposajiliwa na tarehe yake ya kuisha, poti za kutuma na kupokea, na watu wawili wenye uwezo wa kuingia kwenye paneli. Nywila haziko hapo. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, nimeandika maswali ya kumuuliza anayepiga simu, na la tatu linasema: saa ngapi, ya asubuhi au ya usiku?